Rangi ya Mama Chini ya Turubai

Jumatatu, 21 Julai 2025

Nimepoteza rangi ya mama. Leo, kabla ya chakula cha mchana.

Picha ninayo. Picha haijaenda popote, ipo diski D, faili bichi kama lilivyotoka kwenye kamera. Kilichokwenda ni kazi yangu juu yake — mwanga, vivuli, joto la rangi, kila nilichovuta na kila nilichorudisha. Miaka minane ya kusafisha picha, mama akiwemo humo. Yote yalikaa kwenye katalogi ya programu, katalogi ilikaa diski C, na diski C Clever ameipiga fomati.

Niandike vizuri nisije nikajidanganya baadaye. Programu yangu naiita Tajiri, maana wenyewe wanataka uwalipe kila mwezi mpaka unazikwa. Yangu ilikuwa ya kuvunjwa. Clever mwenyewe, fundi wangu wa kompyuta hapa Sogea, Tunduma, ndiye aliyeniwekea. Sharti lilikuwa moja: mashine isionje intaneti. Nimelishika kama amri ya kanisani. Halafu Jumamosi kaka Eliakim akapiga kutoka kijijini kwetu Mbebe, Ileje — kaburi la mama linajengewa, mafundi wameshaanza, nitume ile picha ya msibani ichapwe kwenye marumaru. Nikaona niitume palepale. Nikaunganisha data ya simu. Tajiri akanusa, akafunga mlango!

Asubuhi nikampelekea Clever. Nimerudi namkuta anatabasamu.

"Kaka, mashine mpya hiyo! Nimekupigia Windows safi."

Nikamwuliza, katalogi iko wapi?

"Katalogi gani? Picha zako si zipo zote D? Elfu arobaini na moja na ushee. Haijapotea hata moja, bro. Sasa mbona unaniangalia hivyo?"

Kuna kitufe kimoja ndani ya Tajiri, cha kuandika marekebisho kwenye kijifaili pembeni ya kila picha. Sikukibonyeza kamwe. Nilisema kitajaza diski. Na ile JPG iliyokamilika ilikuwa desktop. Desktop nayo ni diski C. Elfu arobaini na moja! Mimi niliyoihitaji ni moja.

Shughuli ya kaburi ni Jumamosi tarehe tisa Agosti. Fundi wa marumaru yuko Mbeya, picha anaichoma kwenye tanuri na ikishachomwa haifutiki. Anataka faili Alhamisi ya tarehe saba, mwisho jioni. Ijumaa ni Nanenane, anafunga.


Jumanne, 22 Julai 2025

Nimeikodolea macho tangu nilipofungua duka. JPG ni nyama iliyokwisha kukaangwa. Faili bichi lina damu yake bado, lina kila kitu ndani, ila halifai kuliwa mpaka ulipike. Na kila programu ina jiko lake.

Sendofu ya Anna, binti wa dada Roda, nyumbani Mbebe. Faili linakumbuka kuliko mimi: 12 Agosti 2023, saa nane na dakika kumi na mbili mchana, lenzi ya 50, ISO 400. Linakumbuka hata kwamba flashi haikuwaka. Rangi ndiyo halikumbuki.

Mama anacheka. Amegeuka kidogo, anamtazama mtu ambaye hayumo kwenye picha. Kitenge begani. Na juu yake turubai la bluu.

Mpiga picha yeyote wa huku anaujua ugonjwa wa turubai. Jua la Ileje linapita kwenye lile plastiki, linashuka bluu, watu wote wanakuwa samaki. Ukiwa na haraka unaisukuma picha nzima kwenye njano na unawapa picha zao. Lakini mama alikaa ukingoni! Shavu la kulia liko chini ya turubai, bluu. La kushoto limepigwa na jua lenyewe. Ukiponya hili, lile linaugua.

Mwaka jana niliponya yote mawili. Sikuandika namba. Nilifanya kwa macho ya msiba, jeneza likisubiri, na ikatoka yeye. Yeye kabisa! Shangazi aliigusa ile picha akasema, haya, amekuja.

Sasa nimepakua tatu. Tajiri halali, ya majaribio, ananipa siku saba. Ya pili ni ya bure, naiita Mwalimu kwa sababu kila kitufe kinataka kukufundisha fizikia. Ya tatu ni ya kampuni iliyotengeneza kamera yangu. Hiyo ni Mvivu.


Alhamisi, 24 Julai 2025

Matokeo.

Tajiri: mwepesi. Sekunde nne picha imefunguka. Nikimwachia akisie mwenyewe anaweka joto la rangi 9,800 — namba ikipanda, picha inazidi njano — na mama anatoka chungwa, kama amepakwa poda ya bibi harusi. Kuna mtu alimfundisha kwamba kila mtu angependa kuwa mweupe kidogo.

Mwalimu: vitufe kama chumba cha rubani. RAM yangu ni 4 tu, ukisogeza kitu unakwenda kusonga ugali unarudi ndipo kimesogea. Chenga za kwenye vivuli anaziondoa vizuri kuliko Tajiri, hilo nampa. Lakini anakisia 11,400 na mama anakuwa majivu. Hiyo rangi naijua. Niliiona mara moja, chumba cha maiti. Nikafunga haraka.

Mvivu: anamtoa vilevile alivyoonekana kwenye kioo kidogo cha kamera siku ile. Mwekundumwekundu, anapendeza. Kupendeza sawa, lakini si yeye! Tena hana brashi ya kugusa shavu moja bila kugusa la pili. Hafai.

Nikasema nitafute cheupe ndani ya picha, programu ijirekebishe kwa hicho. Nimejaribu kiti cha plastiki, kikombe, ukingo wa sahani, meno ya mama. Vyeupe vinne, majibu manne. Kiti kilikuwa kimezeeka, kikombe kilikuwa kinakunywa bluu ya turubai, na meno — mama alikunywa chai ya rangi maisha yake yote.

Nimemtumia kaka Eliakim zote tatu. Akapiga papo hapo.

"Lwitiko mdogo wangu, hizi zote ni mama. Tuma yoyote."

Nikamwuliza mama alikuwa na rangi gani. Akaangua kicheko — "Mama alikuwa mweusi! Mbebe nzima ni weusi. Sasa wewe umekaa mjini huko mpaka umesahau?"

Nikamwomba apige ile iliyo ukutani, ya msiba. Imefika. Wino umekimbia, jua la dirishani limekula nyekundu yote imebaki bluu na kijivu. Kioo kinaakisi. Katikati ya kifua cha mama amesimama kaka yangu na kofia yake, ameshika simu.


Jumapili, 27 Julai 2025

Kanisani. Nimekaa benchi la nyuma. Mwinjilisti ametusalimia kwa mikono mlangoni, kwangu akasema, "Mpiga picha, Jumapili ijayo tuna ubatizo." Basi. Hilo ndilo neno refu nililoambiwa leo.

Zamani saa hizi simu ingeshalia. Mama alikuwa hajui kubipu wala kutuma meseji, alimpa mtoto wa jirani ampigie. Swali lake lilikuwa lilelile: umekula nini. Nikisema nimekula chipsi anavuta pumzi kwanza, ndipo aseme, "Chipsi si chakula, Lwitiko. Chipsi ni kutafuna." Leo nimekula chipsi. Hakuna aliyeuliza.

Nimefungua picha tena. Safari hii nimeacha uso, nimetazama kitenge. Damu ya mzee au zambarau? Ndege wadogo, na duara kubwa za njano. Kwa Tajiri ni damu ya mzee. Kwa Mwalimu ni zambarau. Kitenge kile nikikipata mkononi mchezo umekwisha! Nitakipiga picha chini ya turubai la bluu, saa ileile, nivute mpaka cha kwenye kioo kifanane na cha mkononi. Joto la kitenge ndilo joto la mama, viliguswa na mwanga mmoja.

Ila najua kiko wapi, au nahisi najua, na hapo ndipo panaponikaba.

Siku ya kuondoa matanga shangazi waligawa nguo za mama. Mimi nilitumwa Itumba kurudisha viti na maturubai ya kukodi. Nani mwingine angekwenda? Mimi ndiye wa mjini, najua kuongea na wenye viti. Nimerudi sanduku liko wazi, tupu, limeegemezwa ukutani. Nikauliza, hata leso? Hata leso ya mkononi? Desturi naijua, nguo za mama huenda kwa wanawake. Nani alisema naomba gauni? Dada Roda alikuwa anakunja mkeka. Hakuinua uso. Akasema,

"Wewe mama unaye kwenye kompyuta. Sisi tuachie nguo."

Tangu siku ile, mimi na yeye, ni salamu za kupitia kwa Eliakim. Yeye yuko Nakonde, upande wa Zambia, mimi Tunduma. Mpaka tu katikati. Nikipanda juu ya paa nadhani naweza kuona bati la duka lake.


Jumanne, 29 Julai 2025

Tajiri amefunga. Siku saba zimekwisha, anadai kadi ya benki. Nilishatoa nakala zote kabla. Safari hii sikulala!

Wateja: pasipoti sita, familia moja ya madereva wanataka picha yenye mandhari ya bahari. Bahari! Nikawawekea bahari.

Nimebaki na Mwalimu. Kumbe nikizima nusu ya vitufe vyake anatembea. Na yeye kijifaili cha pembeni anakiandika bila kuambiwa. Kila unachofanya anakiweka jirani na picha, hata mashine ikiungua. Ningemjua miaka minane iliyopita… Haya.


Jumatano, 30 Julai 2025

Kitu nilichofanya leo ni cha mwendawazimu, lakini hesabu yake ni sahihi.

Kila mtu husema nimefanana na mama. Pua, paji, hata kucheka. Basi, nikasema, ngozi yangu ni rula. Nimeazima turubai la bluu kwa wenye viti wa hapa, nimelifunga uani kati ya ukuta na mti wa parachichi. Kiti cha plastiki kimoja. Nimekaa ukingoni, shavu la kulia kivulini, la kushoto juani, saa nane mchana. Kamera juu ya stendi, lenzi ileile, kihesabu cha sekunde kumi. Nabonyeza, nakimbia, nakaa, nageuka kidogo. Inapiga. Nanyanyuka, natazama, narudi.

Kama mara ishirini. Kwenye ile ya mama alikuwa anamtazama mtu. Mimi nilitazama karo la kufulia.

Mama Ferista, mshonaji wa kibanda cha mbele, kaja kuanika. Akasimama na beseni lake.

"Mpiga picha! Msiba wa nani?"

Hakuna msiba, mama.

"Harusi, basi? Bibi harusi kakukimbia, wageni hawajafika, umebaki na kiti chako?" Akacheka mpaka akaweka beseni chini. Nami nikacheka. Nikamweleza. Akasikiliza, akasema kwa hiyo mtu mzima mwenye akili zake amejifungia turubai ili ajue rangi ya mama yake. Nikasema ndiyo. Akaacha kucheka. Akaniambia nikae, yeye atabonyeza. Sikumkatalia.

Picha aliyobonyeza yeye ndiyo pekee ambamo sikutazama karo.


Ijumaa, 1 Agosti 2025

Imekubali! Halafu imekataa.

Nimechukua ile ya Mama Ferista, nikaifungua kwa Mwalimu. Nimeweka mkono wangu wenyewe pembeni ya kioo, chini ya taa nyeupe, nikavuta mpaka uso wa kwenye kioo ukawa sawa na mkono. Upande wa turubai: joto 10,650, kijani punguza. Upande wa jua: 5,300. Mpaka kati yao nimeupaka kwa brashi laini, kufuata pua. Nimehifadhi. Nimeunakili mtindo wote, nimeubandika juu ya mama.

Akaamka! Mashavu mawili, mtu mmoja. Hakuna bluu, hakuna chungwa, hakuna majivu. Nimesimama nikapiga kofi peke yangu dukani.

Nikakaa tena. Nikatazama.

Hiyo si rangi ya mama. Hiyo ni yangu.

Nilivuta mpaka nikafika kwenye ngozi yangu, na ngozi yangu ni ya baba — weusi mkavu, wa mkaa. Mama alikuwa na kitu chekundu kwa ndani. Chai ya rangi kwenye glasi ukiishikia juani, kingoni pale. Nimemvalisha mama mtu mwingine. Kaka Eliakim asingejua. Marumaru isingejua. Mimi ningejua kila ninapokwenda Mbebe.

Nimemwita Mama Ferista atoe macho yake. Akatazama uso muda, akasema hakumjua marehemu, hawezi kusema uongo. Akashuka kwenye kitenge: "Hicho cha Nakonde hicho. Zambarau." Nikasema ni damu ya mzee. "Baba, nashona vitenge tangu hujanyoa ndevu. Zambarau!" Tukabishana mpaka mteja wake akaondoka. Mwisho akasema, si uende ukavitazame? Mpaka uko hapo, hata nauli huhitaji.

Kitambaa kipya cha chapa ileile. Bila kumwomba mtu. Mbona sikufikiria?


Jumapili, 3 Agosti 2025

Nakonde. Baada ya ibada, nimevuka na kamera begini.

Duka la kwanza — mulishani, bwino, salamu za huko. Nikaonyesha picha kwenye simu. Awe, hakuna. Duka la pili, awe. La tatu mama mmoja mnene akaita wenzake wakajikusanya juu ya simu yangu, wakazungumza Kibemba, wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Akanieleza kwa Kiswahili cha kuvuka mpaka: hii ilikuja zamani, ikaisha. Anayo mpya, ndege walewale. Akaitandaza. Ndege walewale, duara zilezile — rangi ya kijani! Ndiyo maana ya toleo jipya, akasema, wanabadilisha rangi, watu wasichoke. Mwenye ya zamani ndiye anayo.

Mwenye ya zamani. Ndiyo.

Sikukusudia kupita kwa dada Roda. Njia ndiyo ilipita. Duka lake la mafuta na sukari liko kona, amejenga kibaraza mbele. Alikuwa na watu, nikasimama upande wa pili nyuma ya mkokoteni wa mbao. Alikuwa anapima. Mkono umenyooka nje ya kibaraza, juani, anampa mtu chenji — na nikauona.

Mkono wa mama. Chai ya rangi. Kingoni pale, penye kifundo, wekundu uleule! Shangazi walikuwa wakisema Roda ni mama yake mtupu, mimi nikidhani wanasema tabia.

Na nyuma yake, juu ya magunia, kuna mtoto amelala. Mjukuu wake nadhani, mtoto wa Anna. Amefunikwa kitenge. Ndege wadogo. Duara.

Rangi gani? Nilikaza macho mpaka yakaniuma. Kibaraza chake amekiezeka turubai. La bluu! Kila kitu chini yake kilikuwa samaki.

Ningevuka barabara. Hatua chache. Nimefikiria nitasema nini na kila nililopata lilianza na kamera. Mkokoteni ukaondoka, nikaondoka nao.


Jumanne, 5 Agosti 2025

Fundi wa Mbeya kapiga, anataka kujua faili liko wapi. Nikasema kesho kutwa, kama tulivyosema. Akasema wengine wanatuma picha ya kitambulisho cha kura na kaburi linapendeza tu.

Nimemwandikia dada Roda. Meseji ndefu. Nimeisoma sasa hivi, nimejionea aibu: nimemweleza joto la mwanga, nimemweleza programu tatu, nimemweleza Clever. Shikamoo nimeiweka mwishoni, kama mtu aliyekumbuka kofia akiwa barabarani.

Jioni kajibu kwa sauti. Nyuma watu wanauliza bei, mtoto analia. Anasema, "Lwitiko. Sijaelewa hata neno. Marahaba. Picha si unazo wewe? Mwaka mzima hujaniuliza kama nimeamka, leo unaniuliza kitenge." Nasikia mizani, kama anapima sukari. Halafu, "Unakitaka cha nini hasa?"

Sauti imekatika hapo. Sekunde thelathini na nane. Nimeirudia mara nyingi — si kwa maneno. Kuna mahali anavuta pumzi kabla ya kusema marahaba. Mama alivuta hivyohivyo kabla ya kusema chipsi si chakula.


Jumatano, 6 Agosti 2025

Nimeandika majibu nimefuta. Nimeandika nimefuta.

Clever kapita na zawadi — diski ya akiba, ya kuombea msamaha. "Weka nakala mbili, kaka. Nimejifunza kupitia kwako." Mjinga huyu. Nimeipokea. Nimemwonyesha mafaili ya mama: la Tajiri, la Mwalimu, la Mvivu, la ngozi yangu. Kama mashahidi wa uongo wamepanga foleni. Akasema kwa sauti ya chini, bro, kwani hakuna mtu anayefanana naye kabisa, ukampiga?

Yupo, nikasema.

Baada ya hapo sikuweza kufanya kazi yoyote. Turubai bado limefungwa uani, wenye viti wanalitaka kesho jioni. Nimetoka nikaongeza kiti cha pili. Nikakitoa. Nikakirudisha.


Alhamisi, 7 Agosti 2025

Asubuhi, duka halijafunguliwa. Baridi. Malori yameanza kunguruma.

Jua litakuwa mahali pake saa nane mchana, kama siku ile ya sendofu. Nikipiga saa nane, nikivuta namba kwa Mwalimu — nimeshamzoea, saa moja na nusu inatosha — faili linafika Mbeya jioni kabla fundi hajafunga. Nikikosa, naituma iliyo na ngozi yangu, inachomwa, basi. Kesho kutwa wote watasimama kaburini na kusema haya, amekuja, kwa heshima tu.

Lakini hesabu hiyo si yote. Niiandike hapa kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Nilidhani nimepotewa na rangi. Rangi ipo, inapima sukari ng'ambo ya mpaka, na ninaogopa kuvuka barabara.

Nimemtumia hii. Nainakili kama ilivyo, nisije nikasema baadaye niliandika vizuri zaidi:

"Shikamoo dada Roda. Umeamkaje. Mtoto aliyelala juu ya magunia ameamkaje. Jumapili nilifika mpaka mbele ya duka lako nikasimama nyuma ya mkokoteni, nikarudi. Sikusema. Umeniuliza kitenge nakitaka cha nini. Sikitaki. Ni chako, mama ni wetu sote, na kwenye kompyuta nilikuwa naye, sasa sinaye. Nina uso wake, rangi yake imekwenda. Unayo wewe mkononi. Nimefunga turubai la bluu uani kwangu, kuna viti viwili. Naomba uvuke leo na kitenge ukiweke begani, ukae pale ukingoni mimi nikupige. Muda mfupi tu. Halafu tule, nitapika, si chipsi. Saa nane ya huku ni saa saba ya kwenu, kwa hiyo nijue mapema. Usinijibu kupitia kwa Eliakim. Usiniambie tutaona. Unakuja au huji? Neno moja, dada, ndiyo au hapana, kabla ya saa nne ya huku."

Imefika. Alama mbili, bado kijivu.

Zimekuwa bluu.

Anarekodi sauti. Ameacha. Anarekodi tena. Nakwenda kuwasha jiko, nikaweke maharage — hata akisema hapana yataliwa. Ni saa tatu kasoro. Dada, saa nne!